Figo ya Kulia, Figo ya Kushoto

Jumatano, 8 Mei 1996

Iandikwe, na vizazi vijavyo vijue: leo asubuhi, baada ya uji, mimi Shikanga nimevaa koti jeupe. Si la kuazima. Nimepewa na mwenye bucha wa Khayega, ambaye amepata jipya. Doa la kifuani halitoki, lakini ukikunja mikono halionekani. Nimekunja mikono siku nzima.

Sababu ya koti: Bwana Masinde, msimamizi wa kituo cha msitu hapa Isecheno, ametangaza semina. Ijumaa ya tarehe ishirini na nne. Wageni kutoka Nairobi. Mada, miti ya dawa. Mwanakijiji mmoja atapewa nafasi ya kuzungumza. Mmoja! Na Onesmus tayari anatembea kama aliyechaguliwa. Onesmus huongoza wageni msituni, ana beji. Mimi pia huongoza wageni, bila beji, yaani huwa nawapata wakiwa wameshapotea. Anajua majina ya miti kwa Kilatini. Huyatamka amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi.

Lakini mimi niliwahi kumbebea mkoba mzungu wa tumbili, msimu mzima wa mvua. Nikajifunza jambo ambalo Onesmus hajui. Sayansi si kujua. Sayansi ni kulinganisha. Yule mzungu alilinganisha tumbili huyu na tumbili yule mpaka wakamwita Daktari.

Nami nitalinganisha. Dawa ya hospitali, dawa ya miti, ipi zaidi. Ugonjwa upo tayari. Mama mkwe ametoka hospitali ya Mukumu juzi. Figo. Asubuhi anavimba uso, jioni anavimba miguu. Daktari amempa tembe nyeupe, akaonya zisikatike hata siku moja, maana figo zikichoka kabisa hazirudi. Beldina, mke wangu, ni binti yake. Amesonga ugali leo machozi yakimtoka. Nikamwambia atulie, mama yuko mikononi mwa sayansi. Akauliza sayansi gani hiyo. Nikakunja mikono.

Ijumaa, 10 Mei

Pingamizi. Ili kulinganisha unahitaji wagonjwa wawili, mmoja wa tembe na mmoja wa miti. Mimi ninaye mmoja. Nimezunguka soko zima nikiuliza watu kama wanavimba. Wa kwanza alinifukuza. Wa pili, mama muuza samaki wa omena, alidhani nausema mwili wake. Akaniambia niende kwanza nikamuulize mama yangu. Wateja wakacheka. Mmoja akamwomba arudie.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Beldina alikuwa akichambua maharagwe. Harage moja likapasuka katikati, nusu huku, nusu kule. Nikaruka kutoka kitini.

Mtu ana figo mbili! Mgonjwa mmoja, makundi mawili!

Utaratibu ni huu. Akimeza tembe, alalie ubavu wa kulia, dawa iteremkie figo ya kulia. Akinywa ya miti, alalie ubavu wa kushoto. Maji hufuata mteremko. Hilo halihitaji Kilatini.

Na sehemu ya pili, ambayo naionea fahari. Daktari alipima tembe kwa ajili ya figo mbili. Sasa zinahudumia moja. Basi ni nusu tembe! Kumpa nzima ni kuipendelea hospitali, na mwanasayansi hapendelei.

Nani mwingine Kakamega hii ameliwaza jambo hili? Nimewaza majina. Hakuna.

Jumamosi, 11 Mei

Mti gani? Nilimwendea Onesmus kwa ujanja. Nikamwambia kuna mgeni anayeuliza dawa ya msituni ya figo. Akaniangalia sana. Kisha akasema hata waganga wa miti wanaojiheshimu, wakiona mtu wa kuvimba, humwambia awahi hospitali kwanza. Akaongeza, mulamwa, kama huyo mgeni ndiye shangazi, muache shangazi ameze dawa yake kwa amani. Ananiita mulamwa, yaani shemeji, kwa sababu mama mkwe wangu ni shangazi yake. Undugu huo sikuutaka mimi.

Jibu la mtu mwenye wivu. Nimechagua mwenyewe: mukombero.

Hoja yangu. Figo iko kiunoni. Mukombero, kutoka hapa mpaka Mumias kila mtu anajua, ni mzizi wa mambo ya kiuno. Wanaume huununua sokoni wakitazama upande mwingine na kuutafuna wakielekea nyumbani. Hoja imefunga. Nimeuponda, nimeuchemsha. Kwa kuwa harufu yake hujitangaza, nimetia mchaichai. Nimeuita Mchanganyiko Namba Moja. Namba Mbili hakuna, lakini dawa isiyo na namba ni chai.

Jumatatu, 13 Mei

Siku kubwa. Beldina yuko kwenye palizi, nikajitolea kwenda Mukumu kumchukulia mama tembe mpya. Alishangaa mpaka jembe likamponyoka. Akasema, Baba Awinja, Mungu akuone. Nadhani ameniona, maana baadaye nilikuwa nyuma ya choo nikizikata kwa wembe. Tembe ndogo, wembe mkali. Kidole kimoja kimejitolea kwa ajili ya utafiti.

Kufikisha dawa ndiyo kazi. Mimi ni mkwe. Mkwe haingii kwa mama mkwe, hamtazami usoni, hamshiki mkono, hali mbele yake. Tukikutana njiani mmoja huingia kwenye mahindi. Mara ya mwisho aliingia yeye, na mvua ilikuwa inanyesha. Sasa nimwelezeje huyo mtu alalie ubavu upi? Nilipoweka tu "kulala" na "mama mkwe" katika wazo moja nilijikuta nimepiga ishara ya msalaba, na mimi si Mkatoliki. Beldina naye hafai kutumwa. Atauliza maswali yaliyo nje ya mada.

Kwa hiyo maandishi. Mafupi, ya adabu, yasiyotaja kitanda. Kwenye chupa ya tembe nikabandika: TEMBE – KULIA. Kwenye chupa ya pili: MIZIZI – KUSHOTO. Mama alifika darasa la nne, ataelewa. Nikatundika kikapu kwenye mlango wa ua wake, nikakohoa kikohozi cha mkwe, nikakimbia.

Jumatano, 15 Mei

Vipimo. Hospitali hupima ugonjwa huu kwa kuchukua maji fulani ya mgonjwa katika kikombe. Maji ya mama mkwe. Siandiki zaidi.

Nimebuni kipimo changu: nyayo. Mguu ukivimba, unyayo unapanuka. Njia ya kisimani ni tope tupu, kila alama inaonekana. Jana nilipima kwa kijiti: mpana. Leo asubuhi: mpana zaidi. Leo jioni: mkubwa ajabu, tena una mistari! Nilibaki nimechutama pale, nikijiuliza ni ugonjwa gani unaochora ngozi hivi. Ndipo nikamwona Onesmus akitoka kwa shangazi yake amevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, anajipangusa mafuta mdomoni. Yeye huingia atakapo. Yeye hula ingokho, kuku wa heshima, humo ndani. Aliniuliza, mulamwa, umepoteza nini kwenye tope? Nikasema pete. Akasema hajawahi kuniona na pete.

Nyayo za gambuti nimezitoa kwenye hesabu. Hata bila hizo, mama anazidi kuvimba. Beldina amerudi kutoka kwake. Anasema macho ya mama yamekuwa mistari miwili, na viatu havimwingii tena. Anasema ameketi jikoni kwa mama yake akimwangalia, akaona kama anaangalia mtu anayejazwa maji.

Nilimshika bega. Moyoni nikaandika: dawa ya hospitali yaanza kushindwa.

Alhamisi, 16 Mei

Siku mbaya. Nimekufa.

Asubuhi, kabla umande haujakauka, kilio kilisikika kutoka ng'ambo ya kijito. Cha mwanamke, kirefu, kutoka ndani kabisa. Watu wa huku wakisikia kilio hawaulizi. Hubeba kiti. Kabla ya chai ya saa nne ua wa mama mkwe ulikuwa umejaa. Kuni zimefika, sufuria kubwa ya kanisa imefika, mpiga isukuti amefika na ngoma yake akiuliza ni fahali gani atakayechinjwa. Shida ikawa moja tu. Hakuna aliyejua amekufa nani.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, analia, kwa hiyo si yeye. Watoto wake walikuwepo wote. Wakahesabu wakwe. Mimi sikuwepo. Na ningekuwepo vipi? Mkwe! Beldina alipowaambia ameniacha nikinywa uji, walisema wajane wote hukataa hivyo mwanzoni. Wakaamua ni mimi.

Nimepata habari za kifo changu kutoka kwa wazee wawili walioniletea kuni. Walinikuta mlangoni na koti jeupe. Mmoja alitupa kuni akakimbia. Mwingine alisimama kwa heshima, akanisalimu, mulembe, akauliza kama huko kuna baridi.

Lakini hilo si kitu. Bwana Masinde aliposikia, alisema ni masikitiko makubwa, na hapo hapo nafasi ya semina akampa Onesmus! Hata mwili haujapoa! Onesmus, nimeambiwa, alisimama akanisifu. Alisema marehemu alikuwa mtu wa kujaribu. Mtu wa kujaribu. Sitamsamehe, niwe hai au vinginevyo.

Jioni nimejua kisa cha kilio. Beldina ameingia akiwa na karatasi mbili mkononi. Mama amewaeleza watu kwamba anafuata maagizo ya dawa. Yameandikwa: TEMBE – KULIA. Kwa hiyo kila asubuhi akimeza tembe, analia. Siku za kwanza alilia kidogo kidogo, amejifunika shuka, kwa aibu. Alipoona anazidi kuvimba akafikiri pengine halii vya kutosha. Na MIZIZI – KUSHOTO? Alikuwa akikishika kikombe kwa mkono wa kushoto, jambo alilowachapia watoto wake tangu wakiwa wadogo. Anasema hilo ndilo lililorahisisha kulia.

Beldina ameuliza mwandiko huu ni wa nani. Nikasema unafanana na wa daktari. Akasema wa daktari haungesomeka.

Ijumaa, 17 Mei

Matanga yasiyo na maiti yamezaa mambo. Miongoni mwa waliokuja kulia alikuwemo Sista Mideva, nesi mstaafu, mwenye kiti chake na kitabu chake cha nyimbo. Leo alirudi kuchukua kiti. Akamwona mama vizuri kwa mwanga. Akambonyeza mguuni kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale, halikujaa. Akaomba kuona tembe.

Alipoona nusu nusu alisimama. Sauti yake niliisikia nikiwa upande huu wa kijito, na kijito kilikuwa kimefurika. Alitaka aonyeshwe huyo panya mlevi aliyezitafuna. Akasema mwili wa mgonjwa huyu umezoea tembe nzima, ukiipunguza ghafla hivi unaitupa figo motoni.

Walimpakia mama kwenye pikapu iliyokuja kubeba viti vya msiba. Watu waliokuja kuzika wakaisukuma kwenye tope. Mpiga isukuti naye alisukuma. Mimi nilisukuma kwa macho, kutoka kwenye mahindi, kwa sababu ya heshima.

Beldina alinifuata huko mahindini kabla hajapanda. Alikuwa na wembe wangu mkononi. Hakupaza sauti. Alisema, Baba Awinja, figo za mama zikifa, mimi sirudi katika nyumba yako. Kisha akaniwekea wembe mfukoni mwa koti, polepole, akaenda. Ningependelea apaze sauti.

Nimekula ugali wa jana. Nilipakua sahani mbili. Nadhani ni mazoea.

Jumapili, 19 Mei

Onesmus amenusa chupa ya pili. Mchaichai haukumdanganya. Baada ya ibada, nje ya kanisa, alitangaza, kwa Kiswahili safi bila Kilatini hata kidogo, kwamba mkwe amempikia mama mkwe mukombero.

Akina mama wakaanza kushikana wasianguke. Mmoja aliniita, wewe bwana, mama mkwe ulitaka aende mbio wapi? Mwingine akajibu kwa niaba yangu, siandiki alilojibu. Wazee hawakucheka. Wamesema ni mwiko mzito, nitatoa kondoo na nitakaswe, na mpaka hapo nisipite hata njia ya kisimani. Nilieleza habari ya kiuno na figo. Nilipofika kwenye neno kiuno walisema kondoo awe mkubwa.

Mzee mmoja alinisindikiza mpaka kwenye kona. Akauliza kwa sauti ya chini kama ile Namba Moja imebaki.

Jumanne, 21 Mei

USHINDI!

Sista Mideva amepita kutoka hospitali. Beldina amemtuma aniambie, maana mwenyewe hataki kusema nami. Mama amerudishiwa tembe nzima, uvimbe unaanza kushuka. Walimpeleka kwenye mashine ya kupiga picha ya tumbo, ile inayoona ndani. Daktari akaitazama picha. Figo ya kulia imechoka sana, lakini inaitika, kama haitachezewa tena itapona. Hapo Sista alinitazama. Upande wa kushoto, hakuna kitu.

Nilimwomba arudie. Akasema, kushoto hakuna kitu, umesikia? Akaenda zake, alikuwa ameacha maziwa jikoni.

Hakuna kitu! Kulia, upande wa tembe: ugonjwa. Kushoto, upande wa mizizi: hakuna kitu! Safi! Na mashine imeshuhudia, mashine ambayo si ndugu yangu, haijui mukombero, haijala kuku kwa mtu! Nimezunguka nyumba mara kadhaa. Nimewaambia kuku. Nimefua koti.

Ijumaa, 24 Mei

Semina. Onesmus alizungumza muda mrefu na macho yamefumbwa. Alisema miti ya msitu ni hazina, lakini dawa yoyote ya figo lazima ipimwe kwa miaka kabla ya kumpa mtu. Mgeni mmoja alisinzia. Hata mimi ningesinzia kama nisingekuwa nasubiri.

Ilipofika nafasi ya maswali nikasimama, mikono imekunjwa. Bwana Masinde alishtuka kidogo. Naona bado hajazoea kwamba niko hai. Nikasema sina swali, nina jibu. Nikaeleza yote. Ubavu kwa ubavu. Kulia, tembe za kizungu: mashine imeona ugonjwa. Kushoto, mzizi wa msitu huu huu wetu: mashine imetafuta, hakuna kitu!

Makofi! Si yote, lakini ya nyuma yalikuwa mengi. Mama mmoja wa kutoka Nairobi, mwenye miwani, aliuliza nilitumia wagonjwa wangapi. Nikasema wawili, kulia na kushoto. Akaandika. Akavua miwani, akaipangusa, akaandika tena. Nilipewa soda. Mzee mmoja wa mbali aliniita Daktari. Kweli alikuwa akitafuta wa ng'ombe, lakini aliniita.

Onesmus alinifuata nje. Aliuliza, mulamwa, hiyo picha umeiona kwa macho yako? Wivu ni ugonjwa ambao hata mukombero hautibu.

Jumamosi, 25 Mei

Mama mkwe amerudi kwake, anatembea, amevaa viatu. Nimeona kwa mbali, kutoka mahindini. Beldina amerudi pia. Hasemi nami, anasema na kuku, lakini amesonga ugali wa watu wote nami nikiwemo. Nimemsamehe.

Nimepanga utafiti wa pili. Mungu ameviumba viungo viwili viwili makusudi: macho, masikio, mapafu. Yule mzee aliyeulizia Namba Moja anakohoa. Pafu la kulia sindano, pafu la kushoto mvuke wa majani. Namba Mbili iko jikoni inachemka.

Nilimwomba Sista Mideva anipatie ile picha ya mashine niitume Nairobi. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha ndama kunywa kwenye ndoo. Hakuna kitu maana yake ni hakuna kitu. Upande wa kushoto hakuna figo. Haijafa, haijatolewa, haikuwahi kuwepo. Daktari amesema kuna watu huzaliwa hivyo, wakaishi, wakazaa, wasijue.

Nimetafakari. Kosa si la utaratibu, ni la mgonjwa. Mzee wa kikohozi nitamhesabu mapafu kwanza.

Mama mkwe ana figo moja tu, ya kulia. Ndiyo niliyokuwa nikiipa nusu tembe.